Shavu la Kujaribia

Bi. Zuwena aliacha maneno machache ya wasia, na moja lilikuwa langu: "Mie anioshe Raya." Basi nikamuosha, mimi na wanawake wawili wa mtaani, asubuhi ya Jumatatu, katika chumba kile kile cha nyuma cha nyumba yake ya Kiponda ambacho nilikiingia nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili. Ya kuosha nitayarudia, kwa sababu nina jambo nataka kulisema. Kwanza niseme ya hitima. Siku ya tatu, Qur'ani imeshasomwa na dua imeshaombwa, masinia ya pilau yanapandishwa ngazi, mwanamke mmoja alinijia moja kwa moja, akanishika kidevu bila ya kuniomba ruhusa na kunigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. "La kushoto," akasema. "Bado zuri, mashallah. Wala huzeeki, weye." Alikuwa Asya, biharusi wa kwanza niliyemtoa mbele za watu kwa mikono yangu mwenyewe. Nyuma yake alisimama binti yake wa miaka kumi na saba, kauvuta mtandio mpaka chini ya macho, na sikuhitaji kuuliza kwa nini. Mtandio wa namna ile mimi niliuvaa karibu mwaka mzima, ndani ya nyumba, katika joto la Kaskazi.

Ya uzazi na ukoo wangu nayaacha. Walionizaa ni watu wema na hawahusiki na chunusi zangu, ingawa shangazi yangu mmoja alishikilia kuwa tumezirithi upande wa baba. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, mwaka ambao uso wangu uliharibika ukatengenezeka, nami nikapata kazi ninayoifanya hadi leo. Bi. Zuwena alikuwa somo, yaani mfunzi wa wari, na mpambaji wa maharusi. Msichana akishaposwa, nyumba nyingi za mjini zilimtafuta yeye kabla ya kumtafuta mpishi. Biharusi huwekwa ndani, haonekani, na katika siku hizo somo wake humsinga mwili kwa singo, mchanganyiko wa karafuu, mawaridi makavu, asumini, mrehani na liwa ya msandali, vitu vilivyosagwa na kukandwa kwa marashi na mafuta ya nazi mpaka vikawa uji mzito ambao harufu yake hukupokea tangu mlango wa chini. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Nililala kwake, nilikula kwake, na mahali pangu palikuwa chumba cha nyuma, mbele ya msio, jiwe la kusagia liwa, lililokwisha kuchimbika katikati kwa miaka ya mikono ya watu.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Dirisha moja refu lenye nondo, linatazama ukuta wa jirani uliobanduka chokaa. Boriti nyeusi darini, na baina ya boriti mbili kamba iliyotundikwa vikuba vya asumini. Pembeni mitungi ya marashi, chetezo, na kapu la karafuu zilizochambuliwa. Kati ya chumba hicho na ukumbi palikuwa na pazia la maua mekundu, na kwa kuwa mimi nilikuwa upande huu na wageni upande ule, nilisikia mengi kuliko niliyoyaona. Nilisikia mama wakilia kwa furaha na mama wakilia kwa mambo mengine. Asubuhi tulikula mkate wa boflo na chai ya maziwa yenye iliki, mchana wali na mchuzi wa papa au chukuchuku la samaki, na Bi. Zuwena alikuwa akila polepole huku akinisomesha: uso wa biharusi huanzwa wapi, mwenye ngozi kavu afanywe nini, mwenye mama msumbufu afanywe nini. Hilo la mwisho lilichukua muda mrefu kuliko yote.

Nilikuwa pia na kazi ya pili, na wakati ule niliiona ni heshima. Kila singo ilipokuwa tayari ilibidi ijaribiwe kabla haijagusa ngozi ya mtoto wa watu, kwa kuwa karafuu ikizidi huunguza. Bi. Zuwena alichota kwa kidole, akaita, "Raya!" Nikajibu, "Naam." Akasema, "Lete shavu." Nikaleta shavu. Alinipaka, akanisugua kwa nguvu kama atakavyomsugua biharusi, akamaliza kikombe chake cha chai akisubiri, kisha akanifuta na kuniangalia. Kama shavu halikuwasha, singo ilikuwa nzuri. Yeye mwenyewe alikuwa shavu la somo wake, na somo wake alikuwa shavu la mwingine. Kazi ndivyo ilivyorithishwa, wala hakuna aliyewahi kuuliza kama kuna njia nyingine.

Chunusi nilikuwa nazo kidogo tangu shule. Mwaka ule zikafanya makao. Zilikuja kubwa kubwa, zenye maumivu, moja haijapoa mbili zimeota ubavuni mwake, na zilizopoa ziliacha madoa meusi. Kila aliyepanda ngazi za Bi. Zuwena alikuja na dawa yake. Nilikunywa mwarobaini mpaka ulimi ukakataa kujua ladha ya sukari. Nilipaka ndimu na chumvi, nikapaka mshubiri, nikapaka dawa ya mswaki, nikalala na uso mweupe kama wa mzuka. Mtu mmoja alisema ni damu chafu, mwengine akasema ni kijicho, na nikaandikiwa kombe, aya za Qur'ani kwa zafarani kwenye sahani, nikalinywa kwa adabu, na wala silikejeli mpaka leo, maana lilinituliza roho hata kama halikutuliza ngozi. Wengi walikuwa na tiba moja tu: "Ataolewa, zitaondoka." Nikajiuliza nani atakayekuja kunioa mwanzo ili ziondoke baadaye. Siku moja nilimsikia mgeni nyuma ya pazia akimwambia mwenzake kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Uso wa masikini yule umekuwa shokishoki." Nilikuwa napenda shokishoki sana, tunda lile jekundu lenye miiba laini. Msimu ule sikula hata moja.

Kilichoniuma zaidi ya uso ni ahadi. Bi. Zuwena alikuwa ameniambia mwanzo wa mwaka kwamba magoti yake yameanza kumgomea, kwamba hana binti, na kwamba kabla mwaka haujesha nitamtoa biharusi mimi. Kumtoa ni kile kitendo cha kumuongoza biharusi mbele ya ukumbi uliojaa wanawake, kumfunua uso na kusimama kando yake wakati macho yote yanatazama. Anayetoa hutazamwa karibu sawa na anayetolewa. Siku hiyo ndiyo inayomtambulisha mtu mjini kuwa ni mpambaji. Nisipotoa mwaka ule, angetafutwa msichana mwingine, na tayari nilisikia majina mawili matatu yakitajwa ukumbini. "Uso wako utengeneze, mwanangu," Bi. Zuwena aliniambia, na hakuwa mkali. "Nani atanipa mwanawe na mwenyewe nimeshindwa na wa nyumbani kwangu?" Ilikuwa kweli.

Ndipo nikafanya upumbavu wangu mkubwa, na naueleza wazi kwa sababu wasichana wanaufanya mpaka leo. Mwanakwerekwe, karibu na soko, palikuwa na mama mmoja wa saluni aliyechanganya krimu mwenyewe na kuiuza katika vikopo vidogo visivyo na jina wala karatasi. Nikanunua kimoja. Wallahi, katika wiki moja uso ulikuwa kioo. Chunusi zilinywea, madoa yakafifia, rangi ikatakata. Bi. Zuwena alinigeuza huku na huku akasema mashallah mara tatu, na siku ile ile akaniambia kwamba harusi ya mwezi wa Shaaban, ya binti mkubwa wa Bi. Hidaya, nitatoa mimi. Nikatembea Darajani kichwa juu, sina mtandio, nikinunua vitu ambavyo havikuhitajika ili nionekane. Kikopo kilipokwisha nilikwenda kutafuta chengine nikakuta saluni imefungwa, mama yule kahamia bara. Siku ya tano uso ulianza kuwaka. Siku ya kumi ulikuwa umerudi na zaidi: mwekundu, umevimba, una vipele hata pasipokuwa na vipele zamani, na nikisogelea jiko nilihisi kama natiwa pilipili. Harusi ilikuwa imebakia siku sita.

Bi. Hidaya alikuja kukagua maandalizi. Nilikuwa nyuma ya pazia nikisaga liwa, na alipoingia ghafla kuangalia mawaridi tulionana uso kwa uso. Akarudi ukumbini bila ya kunijibu salamu yangu. Nikamsikia: "Bi. Zuwena, mie nakuheshimu. Lakini yule wako asimguse mwanangu." Nikaacha kusaga ili nisikie jibu. Nilikuwa na hakika kwamba somo yangu atasema neno, mwanamke yule ambaye wake za mawaziri walimpisha njia. Nikamsikia akinywa funda la chai. "Hatomgusa," akasema Bi. Zuwena. Kisha wakaendelea na mazungumzo ya ubani. Siku ya harusi nilikaa chumbani, mtandio mpaka machoni, nikisikiliza vigelegele kwa masikio tu. Nililia, bila shaka. Lakini nikiwa katikati ya kulia nikakasirika, na hasira ile ndiyo iliyonivusha. Nilisema moyoni: kama uso huu ni ugonjwa, basi una daktari.

Wiki iliyofuata nikaaga kwamba nakwenda kununua asumini, nikenda kliniki ya ngozi. Daktari alikuwa mwanamke wa bara, mwembamba, mwenye miwani ya kamba, na alizungumza polepole. "Pole sana, dada. Unapaka nini usoni?" Nikamwambia sipaki kitu. Akatabasamu. "Tangu nije Unguja sijaona mtu asiyepaka kitu. Rudi Alhamisi, uniletee kila kinachogusa uso wako. Kila kitu." Alhamisi nikarudi na kikapu cha ukili kimejaa. Akavitoa kimoja kimoja akavipanga mezani: mwarobaini, mshubiri, sabuni ya mche, kikopo kitupu cha Mwanakwerekwe, chupa ya mafuta ya nazi, na mwisho kibakuli cha singo kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Kikopo alikinusa akakiweka mbali na vingine. Akaniambia krimu za namna ile mara nyingi hutiwa dawa kali inayolaza uvimbe kwa muda na kuichosha ngozi, na ukiiacha uso hulipuka kama ulivyolipuka wangu. Nikadhani hiyo ndiyo kesi nzima. Lakini yeye akakivuta kile kibakuli. "Na hii?"

Nikamweleza kwa fahari, maana hata kwenye kiti cha mgonjwa nilikuwa mwanafunzi wa Bi. Zuwena. Nikamweleza karafuu, mawaridi, mafuta, na namna tunavyojaribu. Akaniambia nimuoneshe bila ya kupaka. Nikapeleka kidole shavuni nikasugua hewa. "Kila siku?" Nikamwambia kila inaposagwa, na miezi ya harusi husagwa karibu kila siku. "Shavu hilo hilo?" Nikasema ndiyo, la kushoto, ndilo linaloelekea dirishani Bi. akikaa pahala pake. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kioo akanipa, akanishika kidevu, akanigeuza kulia, kisha kushoto. Mimi ambaye nilijitazama kiooni mara ishirini kwa siku sikuwahi kujitazama hivyo, upande na upande. La kulia lilikuwa na chunusi. La kushoto lilikuwa ni chunusi. "Singo yenu inanukia vizuri," akasema daktari. "Kwa mwili, kama mgongoni hapana chunusi, msinge tu. Lakini uso wenye chunusi ukiujaza mafuta ya nazi na kuukwangua kwa karafuu, unaufunga vitundu na kuuchubua kwa pamoja. Wewe hujapata siku ya kupona hata moja."

Nilitoka pale na vitu vichache mno kwa mtu aliyekwenda na kikapu. Sabuni laini isiyo na harufu, kuosha mara mbili kwa siku kwa vidole, si kwa dodoki. Jeli ya kupaka nyembamba wakati wa kulala. Vidonge vya wiki kadhaa, vya kumezwa kwa maji mengi. Mafuta ya kukinga jua mchana. Na kutotumbua. "Mwanzo utaona kama zinazidi, utakauka na kubanduka," daktari akaniambia. "Usikimbie. Usitarajie kitu cha maana kabla ya miezi mitatu." Nikamuuliza kama hakuna cha haraka zaidi. Akakisogeza kwangu kile kikopo kitupu kwa kidole kimoja. Nikacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Dawa ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa Bi. Zuwena. Kesho yake akaita, "Raya! Lete shavu." Nikaja, nikapiga magoti, nikasema, "Somo, mie sitojaribu tena." Akadhani sijasikia vizuri, akanyoosha kidole. Nikarudisha uso nyuma. Nikamueleza ya daktari, maneno yakinigongana, na nilipofika kwenye singo nikaona uso wake unafunga. "Nimeshasinga mabibi harusi wa mji huu kabla mamako hajaolewa," akasema. "Leo singo yangu sumu?" Nikasema si sumu, ni uso wangu tu hauiwezi. "Uso wako!" akasema, akainuka kwa tabu na magoti yake yale, akaingia chumbani kwake. Siku nne hakunisemesha. Lakini kila mchana nikirudi kwenye msio nilikuta sahani yangu imefunikwa kawa, na ile siku ya pweza nilikuta nimewekewa vipande vya minyiri, ile mikono minene laini ninayoipenda. Nikajua tumegombana lakini hatukuachana.

Kisha likaja la foronya. Bi. Zuwena alikuwa na foronya za buluu alizozitarizi kwa mkono wake, nami nililalia moja. Asubuhi moja akaingia kuzikusanya kwenda kufuliwa, akasimama. Yangu ilikuwa na madoa meupe, makubwa, sawasawa na upana wa shavu. Jeli ilikuwa imekula rangi. Akaibeba kwa ncha mbili za vidole mpaka mbele yangu. "Hii ndo dawa ya daktari wako? Inayokula rangi ya foronya, uso itauacha?" Na wakati ule, niseme kweli, uso wangu ulikuwa unabanduka kama chokaa ya jirani, chunusi zimezidi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuingiwa na shaka. Nikakimbilia kliniki siku hiyo hiyo na foronya ndani ya mkoba. Daktari akaicheka foronya, akaniomba radhi kwamba alisahau kunionya, akaniambia jeli ile huchubua nguo zilizotiwa rangi na haina kazi hiyo kwenye ngozi, nilalie nyeupe. Nikarudi nikamkuta Bi. Zuwena anachambua asumini. Nikamwambia, "Somo, rangi ya foronya imetiwa dukani. Hii yangu kanitia Mungu, haichujuki." Akanitazama, akainamia asumini zake. Nikayaona mabega yanatikisika kwa kicheko. Tangu hapo akaanza kunisemesha kama zamani, na kitandani kwangu nikakuta foronya nyeupe.

Ramadhani ikaingia. Nilimeza kidonge changu baada ya futari, baada ya uji wa pilipili manga na kachori mbili, na maji magilasi mawili yaliyonicheza tumboni kwenye tarawehe. Hakuna aliyeona mabadiliko, wala mimi. Nilichoona kwanza ni kitu kidogo: asubuhi moja ya mwisho wa mfungo nilinawa uso na haukuniuma. Nikanawa tena ili nihakikishe. Sikukuu tuliisherehekea na chunusi tatu mpya, ambazo nilizitazama kama wageni wanaoaga. Kufikia mfunguo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, shavu la kushoto lilikuwa limetulia. Madoa yalibakia, na daktari alisema hayo yatakwenda taratibu kwa wakati wake, lakini ngozi ilikuwa tambarare chini ya kidole. Nilikuwa nikilishika shavu lile hata nikiwa napepeta mchele. Nilijivuna, na sitaki kusema uongo kwa kujifanya mnyenyekevu. Nilikuwa nimefanya jambo gumu peke yangu, jambo la kungoja, na mjini kwetu kila mtu ana haraka ya uzuri.

Na ni mwezi huo Bi. Hidaya alipopanda ngazi tena. Binti yake wa pili, Asya, alikuwa kaposwa, harusi baada ya Maulidi. Niliwasikia kupitia pazia. Mtoto alikuwa anavuta kamasi. "Tazama, Bi. Zuwena," mama akasema, "tazama uso wa mwanangu ulivyokuwa. Nataka umsinge kuanzia leo, kila siku, umsugue mpaka zitoke." Nikasubiri kama nilivyosubiri ile mara ya kwanza, mkono juu ya msio. "Raya!" akaita Bi. Zuwena. "Naam." "Njoo huku. Vua huo mtandio." Nikavuka pazia. Akaniketisha mbele ya Bi. Hidaya, akanishika kidevu, akaligeuza shavu la kushoto kwenye dirisha la ukumbini ambako mwanga ni mkali na hauna huruma. "Unamkumbuka?" akauliza. Bi. Hidaya alinitazama muda, akasogea, akataka kugusa, akarudisha mkono. "Umempaka nini?" Bi. Zuwena akajibu: "Mie sikumpaka kitu. Ndo maana kapona." Kisha akasema, kwa sauti ile ya kukata neno ambayo mjini hakuna aliyebishana nayo, "Mwanao nitamsinga mwili, siku zikifika. Uso simgusi. Uso ni wa Raya. Hutaki, tafuta somo mwengine."

Nikampeleka Asya kliniki kwa mguu wangu. Daktari akamuuliza harusi lini, kwa kuwa baadhi ya dawa hazifai kwa anayetarajia kushika mimba, akampa jeli na sabuni na onyo la foronya. Miezi minne nilikwenda kwao kila Ijumaa kuangalia asidanganywe na mtu kupaka ndimu. Alilia wiki ya tatu kama nilivyolia. Nikamuonesha shavu langu akanyamaza. Siku ya harusi alikuwa na chunusi mbili kidevuni na madoa kidogo, na mamake akataka nizifukie kwa poda nzito. Nikakataa. Nikampaka wanja, nikampaka poda nyembamba, nikamvisha nguo ya kijani, nikamshika mkono, nikamtoa. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Nilipomfunua vigelegele vilipanda mpaka kwenye boriti, na mimi nilikuwa nimesimama kando yake sina mtandio usoni, natazamwa, nataka kutazamwa. Mwanamke mmoja mbele akauliza kwa sauti, "Nani kamtengeneza huyu?" Bi. Zuwena alikuwa amekaa kwenye kiti kwa ajili ya magoti yake. "Raya wangu," akasema. Nimesifiwa mara nyingi tangu siku hiyo, na hakuna sifa niliyoiweka moyoni kama maneno hayo mawili.

Kuhusu singo hatukuwahi kuzungumza tena. Bi. Zuwena hakuniambia kwamba nilikuwa sawa, wala kwamba yeye alikosea. Hakuwa mtu wa namna hiyo, na sikumtarajia awe. Tuliendelea kuisaga pamoja zaidi ya miaka ishirini, ya kusinga mwili. Wala hakuniambia tena nilete shavu, mimi wala msichana yeyote aliyekuja baada yangu. Siku moja nilimuuliza nani anayejaribu siku hizi, maana singo zake zilitoka sawa kila mara, hazikumuunguza mtu. "Mie naijua kwa harufu," akasema. "Mkono umeshazoea." Nikaamini. Nikawaelezea wengine kwa majivuno kwamba somo yangu anajua singo kwa pua tu. Mimi nilishindwa kujifunza hilo, nikanusa mpaka nikapiga chafya, nikasema labda ni kipaji.

Sasa nirudi kwenye chumba cha nyuma, asubuhi ya Jumatatu. Muosha anayoyaona kwa maiti huyasitiri, hilo tumefundishwa sote. Lakini akiona zuri, analisema, na hili ni zuri. Nilikuwa nimevaa kitambaa mkononi, namwagia maji ya mkunazi upande wa kushoto, chini ya shuka. Nilipofika ndani ya mkono, juu ya kiwiko, pale ambapo kanzu na buibui hufunika siku zote, kitambaa kikakwama kwenye kitu kikavu. Nikainua shuka kidogo. Palikuwa na alama nyeusi, pana kama kiganja, ngozi imekuwa nzito na yenye mikwaruzo, mahali palipopakwa na kusuguliwa, pakapakwa na kusuguliwa, kwa miaka. Niliijua alama ile. Niliwahi kuwa nayo shavuni. Wale wenzangu wawili hawakuelewa kwa nini nimesimama, mmoja akaniuliza kama nimechoka. Nikasema sijachoka. Nikaushusha mkono wa Bi. Zuwena, nikauosha mara tatu kama ilivyo, kisha, bila ya kumwambia mtu, nikauosha mara mbili nyingine.